Aliyeumwa na Nyoka: Pavlov, Skinner na Kiboko cha Rufiji

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakufuga mbwa maabara, wala hawakupewa nishani na mtu, lakini jambo walilijua. Kuna mtu wa mbali ambaye alikuja kulijua kwa njia nyingine, kwa mirija na vipimo, na leo jina lake limo katika kila kitabu cha saikolojia. Huyo ni Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Ndugu msomaji, nakuomba uushike huo mwaka 1904, maana makala yangu yote imening'inia hapo. Mwaka huo Pavlov alituzwa kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula tumboni. Mwaka huohuo, mwezi Machi, alizaliwa mtoto huko Pennsylvania, Marekani, aliyekuja kuwa bingwa wa pili wa somo hili, B. F. Skinner. Na mwaka huohuo, huku kwetu Rufiji na kwenye vilima vya Umatumbi, watu wazima walikuwa wakicharazwa viboko ili walime pamba ya Mjerumani. Mambo matatu hayo hayakujuana kabisa. Ila mimi nikiyatazama kutoka Mchukwi, kwa bibi yangu, nayaona ni habari moja.

Mchukwi iko nchi ya juu, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, kandokando ya njia ya kwenda kusini. Ni nchi ya mikorosho, minazi na mihogo. Ukiteremka kusini unakutana na bonde la mto Rufiji, na mto ukifika baharini unagawanyika vijito vingi kwenye mikoko, ndiyo delta yenyewe. Mtu wa mjini akipita na basi huona vibanda, watoto na wauza korosho, basi. Lakini hebu atazame vizuri. Honi ya basi ikilia mbali, kabla basi lenyewe halijaonekana, wauzaji wameshanyanyuka na masinia kichwani. Hakuna aliyeona abiria. Hakuna aliyeona hela. Miguu imesikia honi na imeondoka yenyewe.

Hiyo ndiyo habari ya Pavlov kwa ufupi. Mzee yule alikuwa akipima mate ya mbwa wanapolishwa. Siku si siku akagundua kwamba mbwa huanza kutoa mate kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa kumwona tu mlishaji au kusikia hatua zake. Wengine wangeona ni usumbufu unaoharibu vipimo. Yeye akaacha alichokuwa akikitafuta na kuanza kukifuata hicho. Akapiga mlio fulani, kisha akatoa chakula, mara nyingi mfululizo. Mwishowe mlio peke yake ulitosha kumtoa mbwa mate. Watu hupenda kusema ilikuwa kengele, lakini Pavlov alitumia vitu vingi: kifaa cha kugonga mapigo kama saa, kingine cha kuvuma, hata taa. Chombo chenyewe si hoja. Hoja ni kwamba kitu kisicho na maana yoyote, kikitangulia jambo kubwa mara kwa mara, hugeuka kuwa mjumbe wa jambo lile, na mwili humpokea mjumbe kama ulivyompokea aliyemtuma. Tuuite huu kujifunza kwa ishara.

Skinner alikuja na upande wa pili. Kabla yake, mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alikuwa amefungia paka ndani ya visanduku vyenye kitasa. Paka hupapatika, huparura, na kwa bahati hugusa kitasa, mlango ukafunguka, akatoka kula. Akirudishwa ndani mara nyingi, papatupapatu inapungua, na kitasa anakiendea haraka zaidi. Skinner akaliendeleza jambo hilo kwa panya na njiwa, akaandika kitabu chake kikubwa cha kwanza mwaka 1938. Fundisho lake ni hili: tendo huongozwa na kinacholifuata. Likifuatwa na tamu, litarudiwa. Likifuatwa na chungu, litajificha. Wahenga nao hapa walishasema zamani, mchovya asali hachovyi mara moja. Tuuite huu kujifunza kwa matokeo.

Sasa turudi 1904.

Serikali ya Wajerumani ilitaka pamba. Kuanzia mwaka 1902, Gavana Götzen aliingiza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani ya kusini. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walitakiwa walilime, siku zilezile ambazo mashamba yao wenyewe ya chakula yalikuwa yanawahitaji. Juu ya jumbe alikuwepo akida, na nyuma ya akida alikuwepo askari na kiboko. Adhabu ilikuwa na jina lake, hamsa ishirini, yaani viboko 25. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea.

Tazama jina la chombo chenyewe. Kiboko ni mnyama wa mto Rufiji, na ngozi yake ndiyo iliyotengenezwa mjeledi. Mkulima wa bondeni alikuwa na viboko wawili basi: mmoja anayetoka majini usiku kula mpunga, mwingine anayetoka bomani asubuhi.

Mjerumani alidhani anafanya kazi ya Skinner, ingawa Skinner alikuwa bado mtoto mchanga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: asiyelima achapwe, akichapwa atalima. Na kweli, kiboko kikiwa juu, jembe linashuka. Lakini Skinner mwenyewe, alipokuja kuchunguza adhabu, aliona kwamba adhabu haifuti tendo, inalizuia kwa muda tu, na mchapaji akiondoka tendo hurudi. Tena asiyetaka kuchapwa ana njia nyingi za kukwepa. Anaweza kulima, ni kweli. Anaweza pia kukimbilia porini, kujifanya mgonjwa, au kumwondoa mchapaji.

Kuna jambo la pili ambalo Mjerumani hakuliona, na ndilo lililonifanya niandike. Kila kiboko kinapotua, Skinner na Pavlov wanafanya kazi kwa pamoja. Wakati mgongo unajifunza "nisipolima nachapwa", macho nayo yanajifunza. Yanaona nini saa ile ya maumivu? Yanaona pamba. Uvivu hauonekani, pamba inaonekana, imesimama pale mbele, mche kwa mche. Siku hadi siku, msimu hadi msimu, kiboko na pamba vinakuja pamoja. Pamba inakuwa ung'ongo wa yule nyoka.

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, vita vya Maji Maji vilianza. Vilianzaje? Watu walikwenda shambani wakang'oa pamba. Kabla ya mkuki na bunduki, pamba iling'olewa. Zaidi ya hapo tunaijua historia ya shuleni: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji ya dawa, kunyongwa kwake kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kisha vita vilivyoenea kusini nzima hadi 1907, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Lakini ngoja kwanza. Sitaki mtu aseme kwamba nimewageuza wazee wetu wa Umatumbi kuwa mbwa wa Pavlov. La hasha. Mbwa hutoa mate bila kushauriana na mwenzake. Wale walikaa, wakanong'onezana, wakasafiri kwenda Ngarambe na kurudi, wakapima, wakaamua. Kung'oa pamba kulikuwa tangazo la vita, na walijua kwamba Mjerumani ataisoma barua hiyo. Mwaka 1959 Mmarekani Noam Chomsky alimkosoa Skinner vikali kuhusu lugha, akionyesha kwamba maneno ya binadamu hayaelezeki kwa tuzo na adhabu peke yake. Nami naona hivyohivyo kuhusu uasi. Mwili hufunzwa, ndiyo, ila binadamu anaweza kuutazama mwili wake uliofunzwa na kusema, sasa basi.

Tuvuke miaka 20. Tarehe 23 Septemba 1924, mji wa Leningrad ulifurika. Maji yaliingia hadi kwenye mabanda ya mbwa wa Pavlov, yakapanda wanyama wakibaki kuogelea, vichwa vyao vikielekea darini. Milango ya vizimba ilikuwa chini, kwa hiyo watunzaji iliwabidi wawazamishe kidogo ndipo wawatoe. Mbwa waliokolewa, lakini baadhi yao walisahau mafunzo yao. Ishara walizozijua kwa miezi mingi hazikuwaambia tena kitu. Waliporudishwa kwenye hali yao taratibu, Pavlov akajaribu jambo. Akaachia maji kidogo tu yapite chini ya mlango wa chumba. Hofu ikarudi yote.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu watu wa Rufiji wameishi na maji chini ya mlango karne na karne. Ila wao maji yaliwafunza mambo mawili kwa pamoja. Mafuriko yanachukua nyumba, kuku na hata watu. Mafuriko hayohayo yanaleta tope jeusi la rutuba. Kuna mpunga wa msimu wa maji, na kuna mazao ya mlao, yanayopandwa maji yanaporudi mtoni na kuacha udongo ungali na unyevu. Kwa mtu wa bondeni mlio wa maji ni tishio na ni chakula.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali ilisikia upande mmoja tu wa mlio huo. Ikaja Operesheni Rufiji. Watu wa bondeni wakahamishiwa nchi ya juu, kwenye vijiji vya ujamaa, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji kuenea nchi nzima. Hoja ilikuwa na uzito wake: juu hakuna mafuriko, na watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji safi. Lakini udongo wa juu ni wa kichanga, na tuzo ya mkulima ilibaki bondeni. Ukimhamisha mtu bila kuihamisha tuzo yake, unafikiri miguu itaelekea wapi? Watu wakawa na makazi mawili: nyumba ya kijijini, na dungu la bondeni, kile kibanda cha juu ya nguzo wanacholala kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, nyani na viboko.

Na huko kwenye dungu ungemkuta mwalimu mwingine wa saikolojia: ndege. Mtoto anayeamia mpunga hupiga debe. Siku ya kwanza ndege wote wanaruka. Siku ya tatu wanaruka nusu. Baada ya wiki wapo wanaokula huku wakimtazama mpiga debe usoni, maana wameshajua kwamba debe ni kelele tu, hakuna baya linalofuata. Ishara isiyotimiza ahadi yake hufifia. Mlinzi mjanja anajua abadilishe: leo debe, kesho teo, kesho kutwa asimamishe sanamu ya matambara. Sijui kama kuna mhadhiri anayelieleza somo hili vizuri kuliko mtoto huyo.

Msije mkadhani kwamba historia hii yote ni ya kiboko na hofu. Ipo tuzo pia, na mfano mzuri uko hapa nchini. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2000. Kazi yao ni kufundisha panya buku, yuleyule anayetuibia karanga. Kwanza panya anasikizishwa mlio mdogo, "ta", kisha anapewa ndizi. "Ta", ndizi. Hapo ni Pavlov. Akishaelewa kwamba "ta" maana yake ndizi, anaingia Skinner: panya akinusa harufu ya baruti na kutuliza pua pale, anapata "ta" na ndizi. Akinusa pengine, hapati kitu. Hapigwi, hatukanwi, hapati ndizi tu. Baada ya miezi kadhaa panya huyo anaweza kutafuta bomu lililofukiwa ardhini, na uzito wake ni mdogo, hawezi kulilipua. Wengine hufundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na wamewabaini wagonjwa ambao vipimo vya zahanati vilikuwa vimewakosa. Panya mmoja mzaliwa wa Tanzania, Magawa, alifanya kazi Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza, akafa Januari 2022. Nchi ileile iliyojaribu kulimisha pamba kwa viboko 25 imemtoa bingwa kwa ndizi.

Hapa nitawachokoza walimu kidogo, mnisamehe. Kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kukosa hesabu anadhani anaadhibu kosa. Lakini macho ya mtoto yanaona nini saa ile? Yanaona namba ubaoni. Mwaka hadi mwaka fimbo na hesabu zinakuja pamoja, halafu tunashangaa kwa nini kijana akimaliza shule hataki kuona kitabu. Ameng'oa pamba yake kimyakimya, bwana.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiandika kwa uzito. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi cha mauaji. Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha zikachukuliwa. Wakafuata wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa chama. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa shambulio moja barabarani. Mara nyingi habari zilisema vilevile: watu wasiojulikana, usiku, pikipiki. Serikali ikazuia pikipiki kutembea usiku katika wilaya hizo, na operesheni ya vyombo vya dola ikaendelea. Zipo pia familia zilizosema ndugu zao walitoweka katika miezi hiyo.

Pikipiki! Kitu ambacho miaka michache kabla kilikuwa furaha ya vijana, ajira, ndiyo boda yenyewe. Muungurumo ule ukaambatanishwa na kifo, na haukuhitaji mara 50 kama mlio wa Pavlov. Hofu kubwa hufunza kwa siku moja. Kwa bibi yangu, taa ilizimwa pikipiki ikisikika mbali, na mazungumzo yakakatika katikati ya neno. Hakuna aliyesema "zima". Mikono ilizima yenyewe, kama miguu ya wauza korosho inavyonyanyuka yenyewe kwa honi ya basi.

Mauaji yalikoma. Je, hofu nayo ilikoma? Hapa elimu ina habari mbili, moja njema na moja ya tahadhari.

Habari njema ni ya mwaka 1924 pia. Mmarekani Mary Cover Jones alimshughulikia mtoto mdogo aitwaye Peter, aliyeogopa sungura. Hakumkemea, hakumwambia "acha woga". Alimpa Peter chakula akipendacho, na sungura akiwa mbali chumbani. Siku nyingine sungura akasogezwa kidogo. Kidogo tena. Mwishowe Peter alikuwa akimshika sungura kwa mkono wake. Mchukwi hapakuwa na mtaalamu wa kufanya hivyo, lakini maisha yalifanya. Pikipiki ileile ikampeleka mjamzito hospitali. Ikabeba gunia la korosho. Ikamleta mjukuu na mkate wa mjini. Mara moja, mara mia, muungurumo ukaja na heri, na mikono ikaanza kuacha taa ikiwaka.

Tahadhari ni ya Pavlov mwenyewe. Aliona kwamba ishara iliyofifia haijafutika. Mbwa aliyeacha kutoa mate kwa mlio, akipumzishwa, siku nyingine akisikia mlio uleule hutoa mate tena, ghafla, bila kufundishwa upya. Jipya hujengwa juu ya la zamani, na la zamani hubaki chini kama maji ya Rufiji yanavyobaki chini ya mchanga wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Kibiti amenyamaza ghafla barazani usiku, na wewe hujasikia kitu, usimcheke na usimwambie mambo yameisha. Kaa naye tu. Kunywa naye chai.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, hapa pana kazi yetu. Mara nyingi tunaandika "Juma aliogopa sana" tukadhani tumemaliza. Aliogopa nini, alifunzwa na nani, na ni kitu gani kilichokuwa mbele ya macho yake siku ile? Vitabu vya historia vimetuwekea tarehe na majina ya magavana. Milio havijaiandika: debe la kuamia ndege, mjeledi wa bomani, maji yanapoanza kunong'ona chini ya mlango, pikipiki ya saa tatu usiku. Hiyo imo ndani ya miili ya wazee wetu, na wazee wanaondoka. Nendeni mkawaulize ni mlio gani unaowashtua hadi leo, kisha mnyamaze mwasikilize. Mimi nimeshaanza na bibi.